Shemeji, Gego na Kilomita Mia na Arobaini

Inatangazwa kwa wakazi wote wa uwanda wa juu wa Santa Cruz, watu kwa kondoo, pamoja na guanako, wale ngamia wadogo wa porini wasio na anwani, kwamba Jumanne ya mwisho ya Mei, don Eleuterio Oyarzo, mchungaji, umri miaka sitini na minane, bingwa wa lifti asiyewahi kumiliki hata baiskeli, alipanda gari la shemeji yake. Wenye moyo dhaifu na wakae chini.

Si kwamba kupanda gari la mtu ni jambo geni kwake. Eleuterio amesafiri maisha yake yote kwa matairi ya wenzake. Alizaliwa ndani ya lori la sufu, mama yake akikimbizwa kwa mkunga. Mke, Mungu amrehemu, alimpata kwenye kiti cha nyuma cha gari la padri. Ana elimu yake ya barabarani, na haijawahi kumfelisha kama zile zinazotolewa vyeti mjini. Simama baada ya kona, si kabla. Usinyooshe kidole gumba, maana mtu aliye peke yake kwenye changarawe, kilomita themanini kutoka nyumba ya karibu, hana haja ya kueleza anataka nini. Na ukishapanda, wewe ndiye mhudumu wa mate, si ya mdomoni bali chai chungu ya huku: unashika kibuyu na chupa ya chai, unamimina maji ya moto juu ya majani, cha kwanza unakivuta wewe kwa mrija, cha pili unampa dereva, zamu kwa zamu, mpaka mmoja wenu aseme asante. Asante maana yake nimetosheka. Hiyo ndiyo nauli.

Shemeji mwenyewe ni Nolberto Gallardo, aliyemwoa dada yake Eleuterio. Walikuwa hawasemezani mwaka wa kumi na moja, tangu sikukuu ya kutia kondoo alama, Nolberto aliposogeza makaa chini ya mwanakondoo aliyekuwa akichomwa na Eleuterio. Mke wa mtu ukimtazama kidogo, unaweza kusamehewa. Makaa ya mtu huyagusi.

Sasa, gego. La chini, kushoto, lilikuwa limeoza mpaka shavu limeumuka kama mkate. Daktari wa meno hufika kijijini Cañadón Largo mara mbili kwa mwaka. Jumanne hiyo angeondoka saa kumi alasiri, na asingerudi mpaka Oktoba, theluji ikishaachia njia. Ama Eleuterio afike, ama alale na gego lile majira yote ya baridi.

Saa mbili asubuhi alikuwa barabarani. Saa nne lilipita gari la watalii. Wakasimama, wakampiga picha, wakamshukuru sana, wakaenda zao. Saa sita lori la mafuta, ambalo haliruhusiwi kubeba mtu. Dereva akampigia honi ya pole. Karibu saa saba ikatokea pikapu nyeupe. Eleuterio aliijua kwa vumbi lake tu. Akaipa mgongo, akaanza kuikagua milima kama anayetaka kuinunua.

Pikapu ikasimama. Huku hata adui humwachi kwenye upepo. Akifa, utamzika wewe, maana nani mwingine yupo?

"Unangoja gari?" akauliza Nolberto.

"Napunga upepo."

Upepo wenyewe ulikuwa umekwisha kumvua kofia na kuipeleka Atlantiki.

"Basi kaupungie ndani, mlango usije ukang'oka."

Gego likaamua. Akapanda, na kwa kuwa yeye si mshenzi, akashika kibuyu. Maji ya moto yalipoligusa lile gego, aliwaona jamaa zake wote waliokufa, na wakamwita kwa jina. Chozi likamtoka.

"Vipi, shemeji?"

"Upepo."

"Vioo vimefungwa."

"Wa asubuhi huo."

Akamimina cha pili, akampa dereva. Nolberto akavuta mrija, masikio yakamcheza, pikapu ikaenda kulia, ikaenda kushoto, ikarudi njiani.

"Kuna nini?"

"Shimo."

"Sijaliona."

"Utalionaje, nimelikwepa."

Wakaendelea hivyo. Kilomita ya hamsini, Nolberto akasema kwa sauti ya upole mno, "Ukichoka sema asante, hakuna atakayekucheka."

"Ndiyo kwanza nanogewa. Labda wewe."

"Mimina."

Kilomita ya tisini chupa ikakauka. Eleuterio akashusha pumzi kama mfungwa aliyeachiwa.

"Nyuma ya kiti ipo nyingine," akasema Nolberto, kama mtu anayejitilia saini kunyongwa.

Saa kumi kasorobo waliingia Cañadón Largo, macho mekundu, wakashuka, na wote wawili wakaelekea mlango wa zahanati.

"Wewe waenda wapi?"

"Kumsalimia nesi. Wewe je?"

"Kumsalimia."

Nesi Nélida aliwatazama mashavu, moja la kushoto, moja la kulia, akawaingiza bila kuuliza. Daktari, binti wa kaskazini aliyekuwa keshavaa koti, akavua koti.

"Muda wa kung'oa mawili ninao. Sindano ya ganzi imebaki moja. Mkubwa nani?"

"Huyu," alisema Nolberto, na lile neno moja lilimgharimu.

Eleuterio akaitazama sindano. Akazitazama koleo. Akamtazama shemeji yake, ameshika taya kwa mikono miwili.

"Mpe yeye," akasema.

Lake aling'olewa hivi hivi. Hakupiga kelele, mkono wa kiti ndio uliovunjika. Nesi Nélida akajifuta machozi kwa pamba ya serikali.

"Don Eleuterio, uadui wa miaka yote hiyo, na leo umempa ganzi yako. Nitawasimulia wajukuu zangu. Udugu umeshinda."

Eleuterio akatema damu kwenye beseni.

"Kurudi ni kilomita mia na arobaini," akasema. "Na gari ni lake."