Kaburi Nililoliweka Siku ya Mwisho

Sababu ya kwenda Saiprasi ilikuwa moja tu, nami niliisahau tulipotua. Mama yangu, Bi Zuwena, amevuka miaka themanini na anakaa nami hapa Barking, ughaibuni. Tangu nikiwa mdogo nimemsikia akimtaja Ummu Haram, yule bibi aliyemwomba Mtume amwombee awe miongoni mwa watakaovuka bahari. Akavuka kweli, akaanguka kutoka kwenye mnyama wake huko kisiwani, akazikwa huko huko. Mama alitaka afike kwenye kaburi lile, aingie, asome Fatiha. Hakutaka kingine. Mimi ndiye niliyetaka vingine.

Wenzangu huenda likizo kupumzika, mimi huenda na ratiba. Kazi yangu ya miaka yote ofisini ni kupanga mikutano ya watu, na ugonjwa huo nimeuleta mpaka nyumbani. Nilichapa kurasa mbili za majumba, makaburi na magofu, kila moja na saa yake.

Jumatatu asubuhi tuliondoka uwanja wa ndege wa Stansted. Mama alivaa baibui lake jipya, na mkobani akatia dawa ya magoti na mfuko wa visheti vya kumpa mwenyeji ambaye hata hajamwona. Ndani ya ndege hakulala. Aliniuliza mara mbili kama kwenye kaburi wanawake huruhusiwa kuingia, nikamwambia wanaruhusiwa.

Alasiri tulitua Larnaka. Nilichukua gari la kukodi, na hatujaenda mbali tukapita kando ya ziwa la chumvi. Ng'ambo yake, katikati ya mitende, palikuwa na kuba na mnara mmoja. Mama akanishika mkono nikiwa kwenye usukani.

"Ndo pale?"

"Ndo pale, Mama."

"Basi kesho, inshallah."

"Kesho tuna Khirokitia, booking nishafanya. Hapa ni karibu na eapoti, tutapitia siku ya mwisho tukirudi. Itakuwa rahisi."

"Haya mwanangu. Wewe ndiye ujuaye njia."

Anayewajua wazee wetu wa Unguja anajua kuwa "haya" ile si kukubali, ni adabu. Mimi naijua vizuri kabisa. Niliifanya ruhusa kwa sababu ilinifaa.

Mwenyeji wetu, Bi Eleni, mama mnene mwenye nyumba ya wageni karibu na ufukwe, alipokea visheti kwa mikono miwili, akala kimoja pale pale. Alipomwona Mama na baibui lake aliniambia, "Mpeleke kwenye Tekke asubuhi na mapema, ni dakika kumi tu kwa gari." Tekke ndilo jina wanaloliita pale penye kaburi. Nikamtafsiria Mama. Mama alinitazama mimi. Nikasema tumepanga Ijumaa.

Jumanne tulikwenda Khirokitia, kijiji cha watu wa kale, nyumba za mawe za mviringo zilizobanana mlimani. Waliwazika maiti wao chini ya sakafu walizolalia. Mama alisimama akishika ukingo wa ngazi, akahema. "Hawakutaka kuachana," alisema. Nilimsifu kwa maneno mazuri, kisha nikamwambia juu bado kuna mengine.

Jumatano ilikuwa zamu ya Kourion, ukumbi wa michezo wa Warumi unaotazama bahari. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Nilipanda mpaka safu ya juu kabisa nikampungia mkono, naye akiwa chini juu ya jiwe, anajisugua goti. Nilimwona akijisugua. Nikapiga picha.

Alhamisi tulifika Pafo. Tuliona sakafu za vijiwe vya rangi zenye picha za wawindaji na miungu yao, halafu makaburi ya wafalme yaliyochongwa ndani ya mwamba, ngazi zake zinashuka kama za kisimani.

"Miye nitakungoja hapa juu," Mama alisema.

"Mama, tumetoka mbali. Shuka kidogo tu."

Akashuka. Wakati wa kupanda alipumzika mara tatu, na mara ya tatu akatania, "Wafalme hawa walijificha kweli kweli." Nilicheka. Sikumuuliza anaumwa wapi.

Ijumaa asubuhi goti lake lilikuwa limevimba kama mkate wa boflo. Bi Eleni alileta barafu ndani ya kitambaa cha jikoni, akanitazama, na mimi nikainama kufunga begi. Tulimwingiza Mama kwenye gari kwa shida.

Saa tatu tulikuwa Tekke. Flamingo walijaa ziwani, bustani imefagiliwa, kaburi liko hatua chache tu. Mama alifungua mlango wa gari, akatoa mguu mmoja, akaguna, akaurudisha. Akajaribu tena. Mara ya tatu machozi yalimtoka kwa maumivu. Mlinzi wa pale, mzee mpole, akasema kiti cha magurudumu hakuna, lakini yeye na mwenzake wanaweza kumbeba juu ya kiti cha kawaida.

"Mwambie ahsante," Mama alisema. "Sibebwi na wanaume nisiowajua. Na nilinuia kuja kwa miguu yangu."

"Ulinuia lini?"

"Siku tulipotoka Unguja. Ulikuwa na miaka minne, homa imekupanda, huna hata sauti ya kulia. Nikaweka nadhiri: mtoto huyu akivuka bahari salama, nitakwenda kumzuru yule bibi. Ingia wewe, mwanangu. Mpe salamu zangu."

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Mimi sikukosa. Mimi nilipata yote, akakosa yeye.

Niliingia peke yangu. Nilisoma Fatiha, nikarudi, nikamsimulia dirishani: zulia jekundu, ubaridi wa kuta, mawe makubwa yaliyofunikwa kitambaa cha kijani. Alisikiliza macho yamefumbwa, akiitikia kwa kichwa. Kisha muda wa ndege ukatufukuza.

Jumapili, Barking, walikuja jirani zetu wanne kumpa Mama mkono wa safari. Nilikuwa natia chai, nikijiandaa kuulizwa na kueleza ukweli.

"Mlifika?" aliuliza mmoja.

"Tulifika," Mama alisema, mguu ukiwa juu ya mto. "Ndani pana zulia jekundu, na kuta baridi, unazigusa hivi. Kaburi lina mawe makubwa, yana kitambaa cha kijani. Mwanangu kanishika mkono mpaka ndani. Mungu amlipe."

Wote wakanigeukia, wakaitikia amina. Nami nikaendelea kumimina chai.