Kibemba Sokoni Tunduma

Nilifika Tunduma na cherehani ya mkono na Kiswahili kibovu. Nilizaliwa Nyasaland, nikakulia kwenye migodi ya shaba alikofanya kazi baba, na huko ndiko nilikojifunza Kibemba. Kinamwanga alinifundisha mama mkwe, mume wangu aliponileta kwao. Kiswahili kilikuja mwisho. Nikisema "barabara", mafundi wenzangu sokoni, wote wanaume, wanaangua kicheko: "Balabala!"

Katibu wa soko hakucheka. Tulikuwa tunajenga taifa moja, na kwake taifa moja lilikuwa lugha moja.

"Mama, hapa ni Kiswahili tu," aliniambia mbele ya watu. "Ukitaka Kibemba, mpaka uko pale."

"Nauona, ndugu katibu. Ndiko wanakotoka wateja wangu."

Akanihamishia nyuma, karibu na choo. Nilikwenda. Lakini kila mwanamke aliyevuka kutoka Zambia nilimwamkia kwa sauti: "Mwapoleni, bamayo!" Wakawa wanazunguka soko kunifuata.

Kisha familia moja ya Kizambia iliagiza magauni manane ya harusi kwa fundi wa mbele. Walimweleza kwa Kibemba na kwa mikono. Yeye akaitikia "ndiyo" kwa kila jambo. Magauni yakatoka mafupi, yamebana kifuani. Mama wa bibi harusi alilia kwa hasira, maana siku zile kitambaa kilikuwa adimu kama sukari. Watu wakajaa. Katibu akaja kutuliza, asielewe hata neno moja.

Akatuma niitwe. Nilimalizia kwanza mshono niliokuwa nao.

"Mwambie tutarekebisha," alisema.

"Nitamwambia. Nani atarekebisha?"

Akakohoa. "Wewe."

"Basi nitashonea hapa mbele, penye mwanga. Na harusi ikipita, sihami."

Alimtazama yule mama, akayatazama magauni. "Haya. Kaa."

Nilifumua yote manane, nikaongeza mapindo ya rangi nyingine, huku nikimuuliza kila mvaaji kwa lugha yake anabanwa wapi akicheza. Yule fundi, kwa aibu, alikaa kunisaidia kufumua. Siku ya tatu aliinama akaninong'oneza, "Mama, 'legeza' wanasemaje?"

Katibu alikuwa anapita. Nilimjibu fundi kwa sauti, nikamrudishia neno mara tatu, mpaka likamkaa mdomoni.