Rekoda Haizimwi

Treni ilimshusha Bi Taipu saa nne asubuhi katika mji asioujua, mkononi ana kikapu cha plastiki chenye bisibisi, kompyuta ndogo na viatu vya akiba. Hakuuliza njia. Mnara wa redio hauna pa kujificha. Aliufuata kwa macho, akapita duka la vioo na vinyozi waliokuwa ndio kwanza wanafungua milango, hadi akafika chini yake.

Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye karakana ya mjomba wake, akitengeneza taipureta. Taipureta zilipopotea akahamia fotokopi. Fotokopi zilipomchosha akahamia kompyuta. Sasa ana miaka hamsini na minne, na kuna jambo analojivunia bila haya: hajawahi kufuta kitu cha mtu ili kazi yake iwe rahisi.

Mlangoni alimpokea mtunza kanda wa kituo, mwanamume mwembamba mwenye koti lililoonekana kumzidi umri.

"Afadhali umefika, dada. Saa sita mkurugenzi anazifuta."

"Anafuta nini, kaka?"

"Kanda zangu."

Kwa miaka tisa alikuwa ameingiza kanda elfu nne kwenye kompyuta, moja moja: matangazo ya mpira, vichekesho, masomo ya wasioona. Kanda zenyewe zilishaliwa na ukungu, zikatupwa. Nakala nyingine hakuna. Na sasa diski ilikuwa imejaa pomoni, hata matangazo ya mchana yangekosa pa kurekodiwa.

Mkurugenzi, kijana wa tai na simu mbili, alimkagua fundi kuanzia kikapu hadi viatu. "Mama, wanasema wewe ni fundi wa taipureta."

"Ndiyo, mwanangu. Ingekuwa taipureta, saa hizi ningekuwa kwenye treni ya kurudi."

Akaketi. Kompyuta ikamwambia diski imejaa asilimia tisini na tisa. Akajumlisha mafolda yote. Hayakufika hata theluthi ya diski.

"Unaona? Mashine inadanganya," mkurugenzi akasema. "Tufute, tuanze upya."

"Haidanganyi. Yote mawili ni kweli. Kaka, huwa unafuta nini humu?"

"Rekodi za zamani za matangazo, kila Jumatatu. Nachagua zile..."

"Usiniambie. Nionyeshe."

Ndivyo alivyofundishwa na mjomba. Watu wakisimulia kazi yao huruka hatua. Wakiifanya mbele yake anaona zote. Mtunza kanda akachagua faili, akalifuta, akageuka kama mwanafunzi anayesubiri alama. Asilimia haikutikisika. Bi Taipu alikuwa anatazama ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: REKODA HAIZIMWI.

"Hiyo nayo?"

Miaka kumi na moja iliyopita mtu aliizima rekoda, akasahau. Siku hiyo hiyo mgeni akatukanwa hewani, kituo hakina ushahidi wa nani alianza, kikaomba radhi siku tatu mfululizo. Tangu hapo ikawa mwiko.

"Na rekoda ya sasa, programu hii ya kompyuta, ina siku elfu moja na mia mbili," mtunza kanda alisema, akijiweka kola sawa. "Umeme ukikatika, kuna betri. Haijafungwa hata sekunde moja, dada."

Bi Taipu akaandika amri moja. Orodha ndefu ikateremka: mafaili yaliyofutwa miezi na miezi, ambayo rekoda ilikuwa bado imeyashikilia.

"Hawa hapa wageni wako. Ukifuta faili, umefuta jina kwenye daftari la gesti. Lakini rekoda haikulifunga lile faili, kwa hiyo mgeni bado yuko chumbani, ufunguo anao. Ukihesabu majina, gesti ina nafasi. Ukihesabu vyumba, imejaa."

"Sasa tuwatoeje?"

"Funga rekoda, uifungue tena. Nusu dakika."

Mtunza kanda akakauka. "Niifunge? Mimi?"

"Leo umepatikana, mzee wangu!" mkurugenzi akacheka. Kisha akatazama saa. Ilibaki robo saa tu kufika sita.

Bi Taipu angeweza kubofya mwenyewe. Hakufanya hivyo. "Kaka, huna redio kaseti humu?"

Macho ya mtunza kanda yakang'aa. Akaitoa kabatini, imefungwa kitambaa kama kitoto kichanga, akatia kaseti mpya, akaisogeza kwenye spika iliyokuwa ikitoa matangazo ya wakati huo, akabonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya kurekodi. Kaseti ikaanza kuzunguka. Ndipo akafunga rekoda kwa kidole chake mwenyewe. Chumba kizima kikamsikiliza mtangazaji akisoma hali ya hewa. Kisha akaifungua.

Tisini na tisa ikawa thelathini na moja.

"Basi," mkurugenzi alikohoa, "kanda zibaki."

"Na diski ya nakala inunuliwe," mtunza kanda akasema. Ilikuwa mara ya nne kuiomba, na mara ya kwanza kuiomba amesimama wima.

"Na diski ya nakala."

Mtunza kanda alitaka kumsindikiza fundi hadi stesheni. "Baki na watu wako wa kwenye kanda," Bi Taipu akamwambia, akabeba kikapu chake. Kutoka getini aligeuka mara moja. Dirishani, mtunza kanda alikuwa amepanda juu ya kiti, brashi mkononi, akiongeza mstari chini ya ule mwekundu: ILA JUMATATU, NUSU DAKIKA, KASETI IKIZUNGUKA.

Bi Taipu akacheka peke yake, akashika njia ya stesheni, akitembea katikati ya barabara kama mwenyeji.