Nilidhani ni Salfa

Mkubwa wangu aliponiomba niahirishe rufaa ya hospitali mpaka msimu wa kupuliza mikorosho uishe, nilimjibu, "Hamna shida, mkubwa." Hakunilazimisha. Aliniomba kiungwana, nami nikakubali kwa tabasamu, karatasi ya daktari ikiwa mfukoni mwangu. Nyinyi vijana mnaoanza ubwana shamba, nawaandikia mjue nilichokikubali siku ile.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kinjumbi, kaskazini mwa Kilwa. Bwana Shamba wa Tarafa alinipeleka shambani kabla jua halijachomoza, akanibebesha pampu mgongoni. Pampu ile ina injini inayotoa upepo mkali na kurusha unga wa salfa hadi kwenye maua ya juu kabisa. Salfa ndiyo dawa ya kuzuia ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho yasizae. Tuliipuliza mapema, majani yakiwa bado na umande na upepo umetulia, ili unga ushike.

"Mbona unafumba macho?" Bwana Shamba alinipigia kelele kuishinda injini. "Unapuliza mikorosho au unaomba dua?"

Niliporudi, sauti ilikuwa imekauka. Mama mwenye nyumba niliyopanga alicheka mpaka akakaa chini. "Karibu Kilwa, mwanangu. Msimu huu hapa hata majogoo wanawika kwa kukwaruza!"

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Watu walisalimiana kwa sauti mbovu na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini. Tulijifunga kitambaa puani, basi. Msimu ukiisha, sauti zilirudi zenyewe.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Mingoyo, karibu na Lindi, nikawa mtu wa kuzunguka vijijini kufundisha wakulima. Huko ndiko vidole vilipoanza kuvimba. Asubuhi vilikakamaa hata nikashindwa kufunga vifungo vya shati, mke wangu akawa ananifungia. Tulisema ni baridi, tukapaka mafuta. Halafu mwaka mmoja sauti ilikauka kabla hata pampu moja haijawashwa. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Halikunishtua. Nilisema labda ni salfa ya mwaka jana imebaki kifuani.

Daktari wa Lindi alikuwa binti mdogo. Aliniamkia shikamoo, akaminya vifundo vya vidole vyangu kimoja kimoja.

"Mzee, hii ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyenyewe. Nakuandikia rufaa ya Dar es Salaam. Wakaangalie vidole na koo pia."

"Koo ni salfa, mwanangu. Wewe nitibie vidole."

"Kooni nako kuna viungo, mzee."

Nilicheka. Kiungo kwangu kilikuwa goti, kiwiko, kiuno. Kooni kuna kiungo gani?

Nilimsimulia mkubwa wangu, Ofisa Kilimo wa Wilaya, kama kichekesho. Naye alicheka, kisha akasema, "Mzee Chande, wakulima wanakusikiliza wewe tu. Maua hayasubiri. Nenda ukimaliza msimu." Hapo ndipo nilipotoa lile jibu langu. Mke wangu alipopata habari aliacha kukuna nazi. "Umekubali? Baba Rukia, unanong'ona kama mwizi, halafu umekubali?"

Msimu ule nilifundisha kwa sauti iliyozidi kupotea, nikimeza vidonge vya maumivu. Usingizini nilikoroma kwa mlio mwembamba uliomtisha mke wangu. Mwishoni mwa msimu, nikiwa mbele ya wakulima katika kijiji kimoja, nilianza kueleza namna ya kusafisha pampu. Nikavuta pumzi. Pumzi ikapiga filimbi na haikufika kifuani. Nikavuta tena, ikalia zaidi.

"Mwoneni bwana shamba anaiga injini!" kijana mmoja alipaza sauti. Watu wakaangua kicheko, wengine wakapiga makofi. Nami nilikuwa nimesimama katikati yao nakufa.

Bi Somoe, mkulima aliyekaa mbele, ndiye aliyeruka. "Mnacheka nini? Huyu hapumui!"

Nilizinduka hospitali. Nilitaka kumwita mke wangu, mdomo ukafunguka na sauti isitoke. Nikajaribu kupiga ukelele. Kimya. Nilipapasa shingo nikakuta wamenitoboa, mrija umetoka nje, na hewa inaingia na kutoka hapo. Sijawahi kuogopa vile, na mpaka leo nikiamka mkono huenda shingoni wenyewe.

Baadaye, Dar es Salaam, daktari bingwa alipitisha kamera nyembamba puani akanionyesha kwenye skrini. Kumbe yule binti alisema kweli. Kuna viungo viwili vidogo vinavyofungua na kufunga nyuzi za sauti, na vyangu vilikuwa vimegandana kama vidole vyangu. Nyuzi zilikuwa zimekaribiana, hazitikisiki, pumzi imebakiwa na mwanya tu. Niliandika kwenye karatasi: Na salfa?

"Salfa inakera koo," alisema, "lakini haigandishi viungo. Ungekuja ulipoandikiwa rufaa, dawa zingeweza kuvituliza. Siapi kwamba zingefaulu. Nafasi ilikuwepo."

Nilistaafu bila hotuba ya kuaga. Sasa natumia dawa, vidole havivimbi tena, ila havinyooki. Nikitaka kusema lazima tundu la shingoni lizibwe ili pumzi ipande juu, nitoe sauti kama ya mtu anayenong'ona. Vidole vyangu havilizibi. Mke wangu hunizibia kwa kidole chake, nami siwezi kusema neno asilolisikia yeye. Vijana, sauti ikikauka nje ya msimu, au mwenye baridi yabisi akipoteza sauti, msiniige. Nendeni.

Mwaka jana Rukia, mtoto wetu wa pekee, aliolewa. Shehe alinieleza kuwa ndoa inafungwa msikitini mbele ya wanaume, na mama yake hawezi kukaa pale kuniziba shingo. Mdogo wangu alijaribu kuniziba, pumzi ikavuja na sauti isitoke, basi nikamteua awe wakili wa kuozesha kwa niaba yangu. Alimshika bwana harusi mkono akatamka, "Nimekuozesha," na mimi baba mtu nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Kwa kukubali kungoja msimu mmoja, nilipoteza sauti yangu, na mwanangu akaozeshwa na mtu mwingine nikiwa hai.