Baruti Kidogo kwa Shangazi Nabintu

Juzi nilikuwa nasugua kitasa cha shaba cha mlango wangu kwa limau na chumvi, bakuli la maji ya moto kando yangu. Ile harufu iliponipanda puani nikajikuta nimesimama tena jikoni kwetu Ixelles, Ubelgiji, msichana wa miaka tisa au kumi, mikono ya sweta nimeikunja, mbele yangu bakuli la plastiki limejaa maganda matupu ya risasi. Najua wengi limau huwakumbusha samaki. Mimi hunikumbusha mama yangu na revolva yake.

Msishtuke. Nyumbani kwetu hakukuwa na jambazi wala mwanajeshi. Tulikaa ghorofa ya pili juu ya saluni ya nywele, kwenye kijia kinachotoka barabara ya Ixelles kuingia Matonge, mtaa wa watu wa kwetu, na Jumamosi asubuhi harufu ya dawa ya nywele ilipanda ngazi pamoja na Kilingala cha wasichana wa saluni. Baba, ambaye wote tulimwita Papa, alikuwa mtu wa Bukavu, mwembamba, mwalimu wa hesabu. Mama alikuwa mtu wa Likasi, mlezi katika nyumba ya wazee, na kwa miaka mingi alikuwa amewainua wazee wa Kibelgiji kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutoka kwenye kiti hadi bafuni, mpaka viganja na vifundo vya mikono yake vikawa kama vya mpiga makasia.

Revolva yenyewe aliileta Papa. Rafiki yake wa kazini alimshawishi ajiunge na klabu ya kulenga shabaha, na Papa, kwa sababu asizozieleza hata kwake mwenyewe, akapenda ile kubwa kuliko zote, aina waliyoiita quarante-quatre, yaani arobaini na nne. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, na mdomo wa mtutu wake ulikuwa mpana kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kingeingia. Siku ya kwanza alipoifyatua, ilimrudia ikampiga kwenye paji la uso. Alivaa kofia darasani wiki nzima. Mama, aliyekuwa amekwenda kumtazama tu, alicheka mpaka akalia, kisha akaomba ajaribu. Papa mwenyewe ndiye aliyependa kuwasimulia wageni kilichofuata: mkono wa Mama ulipanda kidogo, ukashuka, na pale kwenye karatasi, katikati kabisa ya duara, kukawa na tundu la kuweza kupitisha kitufe.

Tangu siku ile Papa alibaki kubeba mkoba. Mama alikwenda polisi akaomba kibali kwa jina lake, akanunua sanduku la chuma la kufungia silaha, akaufunga ufunguo kwenye uzi na kuuvaa shingoni pamoja na msalaba wake.

Niliwahi kumwuliza kwa nini asichukue bastola ndogo kama wanawake wengine wawili wa pale klabu. Akafikiri kidogo. "Ile midogo inalialia tu," akasema. "Hii inasema neno moja, inanyamaza."

Risasi zake alizitengeneza mwenyewe. Za dukani hakuzitaka, kwa sababu, kama alivyosema, hawezi kula chakula bila kujua nani amekipika. Maganda aliyokwisha kuyatumia aliyaokota yote, na kazi yangu ilikuwa kuyaosha kwa limau mpaka yang'ae. Shaba ilimfurahisha, baba yake alikuwa amefanya kazi ya shaba Likasi maisha yake yote, na Mama aliyashika yale maganda kana kwamba yametumwa kwake kutoka nyumbani. Kisha yeye aliketi mbele ya mashine ya chuma iliyofungwa kwenye meza ya chumba cha nyuma, yenye mkono wa kuvuta kama pampu ya maji. Akivuta, ganda lilirudi kwenye umbo lake. Akivuta tena, kofia mpya ya kuwashia baruti iliingia kitakoni. Halafu alipima baruti kwenye mizani ndogo iliyotikisika hata kwa pumzi, akaimimina, na mwisho akakaza kichwa cha risasi juu yake. Hapo hapakuwa na redio wala mazungumzo. "Usiniongeleshe nikiwa na baruti," alikuwa akisema, na hata Papa alipita mlangoni kwa ncha za vidole vya miguu.

Wanawake wa kanisani walisema maneno yao. Walitaka kujua ni mwanamke gani huyo, mama wa mtoto, mwenye kitu kama kile kabatini. Mama aliwasikia na akaendelea kuimba. Mimi shuleni nilitembea kifua mbele. Mama za wenzangu walikuwa na mashine za kufuma.

Kisha vita vikafika Bukavu, na baada ya miezi mingi ya simu zisizopokelewa akatufikia dada mdogo wa Papa, Shangazi Nabintu. Alikuja na mfuko mmoja na koti la msaada lililokuwa refu kuliko yeye. Nilikuwa nimeahidiwa shangazi mcheshi, kwa maana Papa alinihadithia vituko vyake vyote. Aliyekuja hakuketi kamwe akiupa mlango mgongo. Jioni wasichana wa saluni waliposhusha kwa kelele pazia la chuma la saluni, Shangazi alikuwa amelala chini sakafuni kabla mlio haujaisha. Kisha aliinuka, akakung'uta sketi yake na kuuliza kama chai iko tayari.

Papa alimwomba Mama kitu kimoja tu: Nabintu asijue. Mama akakubali. Mashine ilifunguliwa ikashushwa ghala la chini, na revolva ikabaki gizani ndani ya sanduku lake. Jumamosi, siku yake ya klabu, Mama hakutoka tena. Alijifunga aproni akapika, akiwa na mawazo, na sijawahi kula chakula kibaya kama kile cha Jumamosi zile.

Siri ilidumu mpaka Shangazi alipoamua kufagia chini ya kochi. Tulikuwa mezani, sahani zimekwisha kupakuliwa, alipofungua kiganja na kuliweka ganda moja la shaba kando ya bakuli la sombe, yaani kisamvu.

"Nimeikuta chini ya kanape," akasema. "Ni ya nani?"

Papa akakohoa. "Ah, hiyo, bon, hiyo ni souvenir tu, Nabintu. Kuna rafiki wa kazi..."

"Papa Solange, acha," Mama akasema. Solange ndiye mimi. "Ni yangu, wifi. Niko na revolva, na risasi najitengenezea. Iko mu kofre, imefungwa, na ufunguo ni huu hapa." Akagusa shingo yake.

Papa akaweka uma chini. "Itatoka humu ndani. Jumatatu natafuta mutu wa kuichukua."

Shangazi hakumtazama kaka yake. Alikuwa akimtazama Mama, mikono yake, kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

"Ni weye unapigaka?"

"Ni miye."

"Unapigaka nini?"

"Karatasi," Mama akasema. "Karatasi yenye miviringo. Ukigusa katikati, batu wanakupigia makofi, halafu munaenda kunywa kahawa."

Midomo ya Shangazi ilitikisika, na kwa nukta moja nikamwona yule mcheshi niliyeahidiwa. "Kule kwetu hawakukuwa na karatasi," akasema.

Nilisikia maji yakitiririka kwenye bomba la jirani. Kisha Shangazi akavuta sahani yake karibu, akachota sombe, na kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi akasema, "Nataka kuona venye risasi inatengenezwa."

Kesho yake mchana Mama aliirudisha mashine mezani. Shangazi akaketi karibu, magoti yakigusana na ya Mama, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile watu walizungumza wakati baruti iko wazi. Kila kitu alikitaka mkononi. Alilipima ganda, akaigusa kofia ya kuwashia kwa ncha ya kucha, akainusa baruti na kukunja pua. "Donc ni kitu kidogo hivi," alikuwa akisema. "Ni kitu kidogo hivi."

Kisha akauliza, "Na ukiweka baruti kidogo?"

"Inaongea polepole, sauti ndogo."

"Na nani anaamua?"

"Ule mwenye kutengeneza. Hapa, ni miye."

Shangazi akaliweka ganda mezani. "Basi, Mama Solange, unitengenezee za polepole. Nataka kusikia."

Papa alipinga. Alipinga mlangoni, akapinga jikoni, akapinga tena asubuhi ya Jumamosi akiwa tayari amevaa koti na kushika funguo za gari. Lakini alituendesha.

Klabu ilikuwa chini ya jengo la zamani ng'ambo ya mfereji. Unashuka ngazi za saruji, unakutana na harufu ya moshi wa baruti iliyochanganyika na kahawa, kisha mlango mnene na nyuma yake chumba kirefu chenye vibanda vya kupigia. Msimamizi alikuwa Monsieur Gaston, mzee mwenye masharubu na macho ya mtu aliyezoea kukataa. Mama alimweleza pembeni kwa Kifaransa. Alimsikiliza, akamwangalia Shangazi, kisha akamchagulia mwenyewe vifuniko vya masikio na kuvirekebisha juu ya kilemba chake kwa uangalifu mkubwa. Siku ile walikuwepo wanaume wengi. Nilimjua mwuza nyama mmoja mnene, na mwanasheria aliyekuwa akivaa tai hata kule. Mimi na Papa tuliketi kwenye benchi ukutani.

Mama aliweka risasi moja tu ya zile za polepole. Akasimama, akavuta pumzi, akafyatua. Kwa masikio yangu yaliyozoea mambo hayo, ulikuwa mlio wa kitabu kikianguka. Lakini Shangazi alikuwa amekwisha kufika chini. Alijikunja kwenye saruji, mikono juu ya kilemba, paji la uso kwenye magoti.

Papa aliruka. Mama akamzuia kwa kiganja. Akaifungua silinda, akalitoa ganda, akaiweka revolva mezani ikiwa wazi na tupu. Wakati huohuo Monsieur Gaston aliinua mkono na kutoa amri, na katika kila kibanda silaha zikafunguliwa, zikatolewa risasi, zikawekwa chini. Wanaume wakarudi nyuma hatua kadhaa wakasimama. Nikavua vifuniko vya masikio. Chumba kizima kilikuwa kimya isipokuwa feni ya kuvuta moshi.

Mama aliketi sakafuni kando ya wifi yake, na gauni lake zuri la kitenge. Hakumwambia ainuke. Hakumwambia si kitu. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, mabega yakigusana. Yule mwuza nyama alisimama mikono ameishika mbele kama mtu aliye kanisani.

"Tuende nyumbani?" Mama akamwuliza mwishowe. "Ukisema tuende, tunaenda."

Shangazi alifuta uso kwa mkono wa lile koti. "Unionyeshe ndani," akasema.

Mama akainuka, akamletea ile revolva tupu. Shangazi, akiwa bado chini, akapitisha kidole katika kila tundu la silinda, moja baada ya jingine, akatazama mwanga kupitia mtutu. Kisha akanyoosha mkono ili asaidiwe kusimama. "Sasa uweke moja."

Mama alisimama nyuma yake na kumzungushia mikono, viganja vyake chini ya viganja vya Shangazi, kama alivyowashika wale wazee wake kazini. Monsieur Gaston alisimama hatua moja kando. Nilimwona Papa akifumba macho. Mimi sikufumba.

Mlio ulitoka, mikono ya wale wanawake wawili ikapanda pamoja na kushuka pamoja. Karatasi iliposogezwa karibu, tundu lilikuwa kule pembeni kabisa, nje ya miviringo yote. Yule mwanasheria alisema kwa heshima kwamba ni mwanzo mzuri, na Shangazi akacheka, cheko lile lenyewe la hadithi za Papa, mpaka akalazimika kuegemea meza.

Hakupiga tena, siku ile wala siku nyingine. Revolva haikuuzwa. Mama alirudi kwenye Jumamosi zake, na majira ya kuchipua, katika mashindano ya klabu ya silaha kubwa, aliwashinda wanaume wote isipokuwa mmoja. Shangazi alikuwa mstari wa mbele na vifuniko vyake vya masikio, akijikunja kidogo kwa kila mlio, na hakutoka. Jumapili iliyofuata kanisani mwanamke mmoja alianza yale maneno ya zamani kuhusu mama mwenye silaha. Shangazi akamgeukia. "Ule ni wifi yangu," akasema. "Uko na swali?"

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya mama yangu aliyemfundisha shangazi yangu kutoogopa. Niliisimulia hivyo kwa majivuno, hata mbele ya Shangazi mwenyewe, nilipokuwa tayari chuo kikuu naye ana duka lake la vitambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi.

"Hapana, mutoto," akasema. "Kuogopa, ningali naogopa. Na ile kupiga, nilipiga tu kwa sababu mama yako alijichokesha kutengeneza zile risasi." Akakata kitambaa, akakikunja. "Kitu chenyewe kilikuja mbele ya pale, kabla sijapiga. Nilikuwa chini, naogopa, na nikainua macho. Wanaume wote walikuwa wameweka silaha zao chini. Walikuwa wananingoja. Miye, Nabintu. Walikuwa wananingoja."