Bi Mkubwa na Kiti Chake cha Jua

Jua halijachomoza, na Mama Mistari amepiga magoti sebuleni kwa watu. Anavuta ncha ya zulia kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemwamsha mtoto asiyetaka shule. Anarudi kwenye kamera, anachungulia. Anarudi tena kwenye zulia.

"Bado linakenua," anasema.

"Zulia halina meno," anajibu shangazi yake, msaidizi wake wa kazi, kutoka nyuma ya mlango, alikojificha na rimoti, chaja, kandambili za mwenye nyumba na kalenda ya mwaka juzi, vyote amevikumbatia kifuani.

Mama Mistari hupiga picha za nyumba: majengo mapya kwa nje, vyumba kwa ndani. Wateja wake ni wasanifu majengo, wenye hoteli na wauza samani. Jina hilo alipewa na mafundi ujenzi, kwa kuwa hatulii mpaka ukuta usimame wima kwenye picha kama ulivyosimama wenyewe. Kupiga picha za maharusi hataki.

"Harusini watu hutabasamu hata kama wametoka kugombana," anasema. "Ukuta ukinuna, utauambia nini?"

Zamani aliuza makochi dukani. Tajiri wake alimtuma ayapige picha, naye akaazima kamera kwa kaka yake, aliyekuwa akipiga picha za vitambulisho. Makochi yakauzika kuliko yalivyostahili.

"Kamera kaka hajaidai mpaka leo," anasema. "Sijui amesahau au ananipenda. Yote mawili nashukuru."

Kazi yenyewe si ya kila siku. Mwezi mnono huleta nyumba nne. Mwezi mkavu, anasema, hamna hata choo cha kupiga. Ndiyo maana asubuhi hii hataki kukosea hata zulia.

Kisa ni kiwiko. Mwezi uliopita alimpelekea msanifu mmoja picha ya chumba cha kulala, na ndani ya kioo cha kabati kiwiko cha shangazi kilikuwa kinang'aa kama kimepakwa mafuta ya nazi. Msanifu huyo ndiye anayewalisha kuliko wateja wengine wote. Alimpigia simu.

"Mimi nachora nyumba, sichori viwiko," alisema. "Nikimwona mtu mwingine kwenye picha yangu, nitatafuta mpiga picha mwingine."

Msanifu ana nyumba nane za kuonyesha kwenye maonyesho. Hii ndiyo ya kwanza, na ndiyo mtihani. Picha yake inakwenda kuchapwa kesho. Anataka sebule hii, jua likiwa ndani, bila mtu. Na jua la dirisha hili halikai: huingia, hupita juu ya viti viwili vya mbele, huaga.

Sasa linaingia. Mstari wa dhahabu unatambaa sakafuni, unapanda kiti cha kushoto. Mama Mistari anaweka kidole kwenye kitufe cha kamera.

Mlango wa ndani unafunguka. Mama mzazi wa mwenye nyumba, Bi Mkubwa kwa kila mtu humu ndani, anaingia na sweta begani, anakwenda moja kwa moja mpaka kiti cha kushoto, anakaa juani, anafumba macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Endeleeni tu, mimi siwasumbui."

Utamwambiaje mkubwa ainuke kwenye kiti, tena kwake? Mama Mistari anaitazama saa, anamtazama shangazi. Shangazi, mzoefu wa fitina ndogondogo, anatoka nyuma ya mlango.

"Dada yangu, chai iko tayari jikoni."

"Ahsante. Iambie na mimi niko tayari huku."

Hapo Mama Mistari akakumbuka hila ya kazi. Kamera ikibaki palepale, unapiga picha mtu akiwa kiti cha kushoto, unapiga nyingine akiwa cha kulia. Kisha kwenye kompyuta unachukua kile kiti kitupu cha kila picha, unaviunganisha, na mtu anayeyuka. Akapiga ya kwanza.

"Mama, jua linahamia kiti cha pili."

Haukuwa uongo. Bi Mkubwa akahama na jua lake. Kamera ikalia tena, na mwanga ukaondoka zake.

Jikoni, picha ilipokamilika, Bi Mkubwa aliomba kuiona. Akaitazama sana.

"Nzuri. Sasa mimi niko wapi?"

"Nimekutoa, mama. Ndivyo kazi inavyotaka."

"Marehemu mume wangu alihangaika maisha yake yote kunitoa kwenye kiti changu, akashindwa. Wewe umeweza kabla ya chai."

Wote wakacheka. Kisha Bi Mkubwa akaangalia tena ile picha, akasema polepole, "Basi nyumba mpya imeanza bila mimi."

Chai ya Mama Mistari ilipoa kikombeni. Jioni alimtumia msanifu picha mbili: sebule tupu, na nyingine Bi Mkubwa akiwa amefumba macho juani. Akaandika: "Ya kwanza ni ya kazi. Ya pili ni ya mwenye kiti."

"Unaitafuta njaa kwa tochi," shangazi alimwambia.

Asubuhi msanifu alipiga simu.

"Huyu ndiye mama mwenyewe?"

"Ndiye. Naomba radhi, sikuweza…"

"Lile dirisha nililishusha kwa ajili yake. Mwanawe aliniambia magoti ya mama yanashika baridi, anazunguka nyumba nzima akitafuta jua kama kuku anayetafuta pa kutaga. Sijawahi kumwona. Nilikuwa sijui kama dirisha limemfaa."

Kisha akasema ile ya pili ndiyo inayokwenda kuchapwa, na nyumba saba zilizobaki ni za Mama Mistari.

"Ila viwiko bado sitaki," aliongeza.

"Namshukuru Mungu Bi Mkubwa hakufuata chai," anasema Mama Mistari. "Namshukuru na msanifu. Angeweza kukasirika, na haki angekuwa nayo."

Akimaliza hizo saba, anataka kurudi kwa wateja wa zamani, wale watakaomfungulia mlango, awapige picha kwenye vyumba alimowahi kuwafukuza.

Juzi alikwenda kuikagua nyumba ya pili, ya mwalimu na mkewe. Miaka yote swali lake la kwanza huwa, "Tutoe nini?" Safari hii alisimama mbele ya kochi, akauliza, "Hapa hukaa nani?"

Mke akamtazama mumewe. Mwalimu akatazama dari.

"Hapo hukaa paka," alisema mke. "Mwalimu husimama."

Mama Mistari atawapiga picha wote watatu, paka akiridhia.