Ukitafuta vitenge vya harusi dukani kwangu, anatokea marehemu mama mkwe

Admin, shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo basi nipokelee salamu za wote humu. Nifichie jina kabisa, maana mawifi zangu wapo kwenye ukurasa huu na wanakomenti kuliko mtu yeyote. Nina miaka thelathini na tatu, kwetu ni Ileje, nimeolewa hapa Tunduma na nina watoto wawili. Nauza vitenge. Mzigo nachukua Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, nauza kibandani kwangu na kwenye duka la mtandaoni nililotengenezewa na fundi mmoja wa kompyuta wa hapa mjini. Hao wa mtandaoni ndio wanaoniweka mjini, hasa watu wa sare za harusi na kicheni pati.

Mwaka jana mama mkwe wangu alifariki. Wengine mnalia na mama wakwe, mimi wangu alinipenda jamani. Ndugu wakakubaliana kuvaa sare siku ya kumaliza msiba, na kwa kuwa ukoo umetapakaa huku na Zambia, nikamwambia fundi atengeneze ukurasa wa kitenge cha sare hiyo dukani kwangu ili kila mtu akione na kuagiza. Juu kabisa tukaweka picha ya mama niliyoipiga mwenyewe kwa simu, amejitanda kitenge mbele ya kibanda changu, anacheka. Yule mama hakupenda picha. Nyingine aliyoacha ni ya kitambulisho cha kupigia kura, na humo kakunja uso utadhani anagombana na mpiga picha. Ndugu waliupenda ukurasa ule, wakatumiana linki mpaka Kasama huko Zambia.

Msiba ukaisha, nikarudi kwenye biashara. Nikaleta vitenge vipya vya harusi, fundi akavipandisha. Lakini wateja wakawa wanapungua tu, nikaanza kufikiria mambo ya kurogwa, siwafichi. Siku moja mama mmoja wa Nakonde akanipigia kwa hasira, akaniita mama kwa lugha yao: "Mayo, mimi natafuta chitenge cha harusi ya mwanangu, mbona wanionyesha marehemu? Unataka kuniletea mkosi?" Nikachukua simu nikatafuta mwenyewe, vitenge vya harusi Tunduma. Duka langu hilo hapo juu. Nikabonyeza. Mama mkwe huyo anacheka, na chini yake imeandikwa sare ya kumaliza msiba. Nikampigia fundi hapo hapo.

Kumbe fundi, kwa sababu ukurasa wa mama ulitoka vizuri, alikuwa anaukopi kila tukileta kitenge kipya. Anabadilisha picha, jina na bei, basi. Lakini nyuma ya kila ukurasa kuna mstari ambao mteja hauoni, unaoiambia mitambo ya kutafuta kwamba ukurasa halisi ni upi. Huo hakuugusa. Kwa hiyo kila kitenge changu cha harusi kilikuwa kinasema ukurasa halisi ni ule wa msiba, na mitambo ikawa inampeleka mteja huko.

Habari zikafika ukweni. Wifi yangu mkubwa akasema mbele ya watu, "Umekosa vyote vya kuuzia, ukaona utumie sura ya mama yetu?" Nilieleza habari za mstari mpaka sauti ikakauka, nani angenielewa? Baba mkwe akaita kikao. Mume wangu, ambaye hajawahi kunifokea, akasimama akasema, "Ufute huo ukurasa. Sitaki kuuona tena. Ukiendelea kutokea, duka unafunga, na usipofunga utarudi kwenu Ileje."

Fundi akarekebisha ile mistari yote. Akaniambia, "Dada, ukurasa wa mama uache, wenyewe hauna kosa. Mitambo inachukua muda kusoma upya. Vumilia kidogo tu." Ningemsikiliza! Lakini kila nikitafuta, mama bado yupo, na wifi hakosi kunitumia ujumbe wa kunisuta. Nikachoka. Nikamwambia fundi aufute kabisa, na atakayefungua anuani ile apelekwe kwenye vitenge vya harusi. Akaniuliza, "Picha unayo pembeni?" Nikajibu ninayo, nikijua ipo kwenye simu yangu ya zamani.

Baada ya muda mambo yakakaa sawa. Unatafuta harusi, unapata harusi. Nikamkimbilia mume wangu na furaha yangu yote, nikampa simu. Hakuuliza aandike nini, vidole vilikuwa vinajua njia. Akafungua, akapandisha, akashusha. Kisha akaniuliza taratibu, "Mama umempeleka wapi?"

Nikamwambia, "Baba Neema, si wewe uliyesema nifute?"

Akasema, "Nilisema mbele ya baba. Ulitaka niseme nini pale?" Ndipo akaniambia kwamba kila asubuhi, kabla hajaanza kazi pale mpakani, alikuwa anatafuta jina la duka langu ili amwone mama yake akicheka. Machozi yakamtoka, akageukia ukutani. Kisha akasema basi, nimtolee ile picha akaisafishe studio, maana Jumapili ndugu wanakuja kwa ibada ya kumkumbuka mama.

Nikamjibu sawa. Jamani, nilijibu sawa! Ile simu ya zamani imekufa, mafundi simu wote niliowapelekea wameirudisha wakitikisa kichwa. Fundi wa kompyuta hana nakala. Nimewauliza ndugu kwa ujanja, kumbe hakuna aliyehifadhi picha, wote walikuwa wanafungua linki tu. Sasa wakifungua wanakuta vitenge vya maharusi.

Leo mume wangu amerudi na fremu ya kioo, ameifuta vumbi mwenyewe na kuipachika sebuleni ikiwa tupu. Amesema, "Mama atakaa hapa." Sijala tangu mchana. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemzika mama yake mara ya pili. Nikinyamaza, Jumapili itanisemea mbele ya ukoo mzima. Wenye ndoa, wenye mama wakwe, hata nyie mnaojua kunisema, niambieni naanzaje kumwambia mwanaume huyu.